Skrini Nyeusi Katika Eda Yangu

Televisheni yangu niliinunua kwa achari. Nalisema hili mwanzo kabisa, kwa sababu wiki ile kila mtu aliizungumzia kana kwamba ni ya marehemu, na kwa hivyo ni ya ukoo, na kwa hivyo ukoo una haki ya kuniambia lini iwashwe na lini izimwe. Marehemu mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa karani wa ghala kule Shimanzi. Mshahara wake ulitulisha na ukamsomesha binti yetu wa pekee, sina la kumlaumu. Lakini televisheni ni maembe. Ni maembe mabichi ya soko la Marikiti niliyoyakata, nikayaanika juu kwenye sakafu ya paa, nikayatia pilipili na siki, chupa baada ya chupa, miaka miwili. Ilipoletwa, watu wanne waliipandisha kwa shida, maana ngazi za nyumba za Mji wa Kale zilijengewa watu wembamba wasio na mizigo. Ikatundikwa ukutani ukumbini, na mimi ndiye niliyeonyesha pa kutobolewa.

Mume wangu alipofariki nikaingia eda. Asiyejua na ajue: miezi minne na siku kumi mjane hukaa ndani ya nyumba ya mumewe. Hajipambi, hajitii manukato, hatoki ila kwa dharura, na mwanamume asiyekuwa maharimu wake haingii akamwona. Sikulalamika hata siku moja. Nilimpenda mume wangu na nilitaka kukaa naye hivyo, kimya, mpaka muda wetu uishe. Ila kabla hajafa alikuwa ameshaweka siku ya nikaha ya binti yetu, kwa sababu bwana harusi anafanya kazi melini na likizo yake haingoji mtu. Siku mbili kabla roho haijamtoka alinishika mkono akaniambia, "Tarehe isiguswe." Nikamwahidi. Tarehe hiyo ikaangukia mwezi wa tatu wa eda yangu.

Basi harusi ikahamishwa. Wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, akasema bibi harusi atatokea kwake, vichochoro vitatu kutoka hapa kwangu, na wanawake wote watakusanyika huko. Nikasema sawa. Nikaha itafungwa msikitini Ijumaa baada ya alasiri, na shemeji yangu, mdogo wa marehemu, ndiye atakayemwoza, kwa kuwa baba hayupo. Nikasema sawa. Nikauliza, na mimi je?

"Wewe utaletewa biriani yako motomoto," akasema wifi. "Na Jumamosi asubuhi nitakuja nikuhadithie yote."

"Nimemzaa mie, halafu nikaha yake niipate kwa hadithi?"

"Sasa wataka nini? Wataka kutoka eda?"

Sikutaka kutoka eda. Nilitaka kuona. Siku hizi msikiti ule una kamera, na nikaha hurushwa kwenye intaneti ili wanawake, ambao tangu zamani hubaki nyumbani wakati wa kufungwa, nao waione. Hata huko kwa wifi ndivyo watakavyofanya, wanawake arubaini mbele ya skrini moja. Nikamwambia basi na mimi nitawasha yangu niitazame papa hapa ukumbini kwangu, peke yangu, na nguo zangu nyeupe. Wifi akavuta mtandio wake kana kwamba nimemwambia nitacheza chakacha barabarani. Mjane na televisheni, watu watasemaje. Nikamwambia watu wana midomo, waache waitumie.

Nifiche nini, hata nilimpigia simu mwalimu wetu wa darsa la wanawake, maana sikutaka kufanya jambo kwa ujinga. Akaniambia kama ninachotazama ni cha halali, na niko nyumbani kwangu, na sijajipamba, hakuna aliyekatazwa. Nilipomweleza wifi, alisema mwalimu ni mwanamke mdogo, hajafiwa. Kuambizana kuko, kusikilizana hapana.

Binti yangu, aliyekuwa keshahamia kwa shangazi yake kungoja harusi, alipokuja kuniamkia Jumanne akaona uso wangu ulivyokunjamana. Akasema, "Mama, nitakuachia simu yangu, uangalie hapo." Mwanangu ana moyo mzuri. Lakini nilimkatalia. Simu yangu mie ni ya vibonyezo, ya kupigia na kupokea, na yake naiona ni kioo cha kutazamia meno. Sikutaka kuitazama nikaha ya mtoto wangu nimeinama kwenye kiganja, kama mtu anayeiba kitu. Nilitaka kukaa kitako, mgongo umenyooka, nimuone mtu atakayemchukua mwanangu ana uso gani anapotamka. Eda imenikataza mambo mengi na nimeyatii yote, ila haikunikataza kuwa mama yake.

Alipoondoka tu nikaitoa televisheni shuka. Ilikuwa imefunikwa tangu siku ya msiba. Nikachomeka plagi, nikabonyeza swichi ya ukutani, kitaa chekundu kikawaka. Nikachukua rimoti, nikawasha. Kitaa kikazimika kama inavyotakiwa, na baada ya muda sauti ikaja, ya mwanamke anayefundisha kupika. Picha hakuna. Skrini nyeusi ti, sijaona weusi kama ule.

Nikaizima nikaiwasha. Nikachomoa plagi, nikahesabu mpaka mia moja, nikachomeka tena. Mwanamke akaendelea na vitunguu vyake gizani. Nikabadilisha betri za rimoti, ingawa nilijua rimoti haina kosa maana sauti ilipanda na kushuka. Nikapanda kigoda, nikapapasa waya moja moja nyuma, nikazichomoa na kuzirudisha, nikapata buibui wawili na vumbi la kutosha kupandia mchicha. Nikakizima kile kisanduku cha intaneti chenye vitaa vya kijani. Nikaipiga televisheni kofi la ubavuni, kama tulivyokuwa tukizipiga zile za zamani zenye kisogo. Ikanyamaza kidogo, nikafurahi, kumbe mwanamke alikuwa amekwenda matangazo.

Wifi akanikuta nimesimama juu ya kigoda, mtandio umeniteremka mabegani. Alikuwa ameleta bakuli la muhogo wa nazi. Akaitazama televisheni, akanitazama mie, akaweka bakuli chini polepole.

"Haionyeshi?"

"Yasema tu. Haionyeshi."

"Basi Mungu ameshakuamulia," akasema.

Nikateremka. Nikamwambia Mungu akitaka kuniamulia ana njia nyingi, haanzii kwenye waya. Akaniambia nisikufuru. Nikamwambia aonje kwanza muhogo wake, umezidi chumvi. Siku ile hatukuagana vizuri.

Jumatano nikampigia fundi. Ni kijana wa bara, Mkristo, amekaa kwenye kibanda chake karibu na soko la samaki miaka mingi, na ameshatengeneza pasi na feni za nusu ya mtaa huu. Anajua desturi zetu kuliko baadhi ya wenyewe. Alipofika hakugusa hata pazia la mlango. Akasema kutoka nje, "Hodi mama, pole na msiba. Mimi nitakaa hapa kwa ngazi. Unieleze, nitakuambia cha kufanya." Akaketi kwenye kidato cha juu, mimi nikiwa ndani upande wa pili wa pazia. Wifi alikuwepo pia, amekaa kwenye kochi kama askari wa forodha, ahakikishe hakuna mguu wa mwanamume utakaovuka kizingiti.

Nilimweleza fundi yote niliyofanya, pamoja na kofi. Akasema nimefanya vizuri isipokuwa kofi.

"Sasa mama, funga madirisha yote, kuwe giza. Tafuta tochi. Washa televisheni, halafu umulike skrini karibu kabisa, upande upande."

Nikafunga mbao za madirisha, mchana ukageuka magharibi. Tochi nikampa wifi, maana mie nilikuwa na rimoti, na yeye amekaa bure. Akaipokea. Akamulika. Nikasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo, na ndani ya ule weusi, palipoangukia mwanga wa tochi, nikamwona mtu. Mdogo, hafifu, kama anayeonekana chini ya maji machafu, lakini alikuwa akitembea.

"Fundi, kuna mtu humu," nikasema.

"Basi mama, picha ipo. Ni taa za nyuma hazitoi mwanga. Zile taa ndizo zinamulika picha uione. Kama zimeungua, italazimu niishushe ukutani, niipeleke kwangu, niifungue. Na taa zenyewe niagizie Nairobi. Si kabla ya wiki ijayo."

Ijumaa ilikuwa keshokutwa. Na kuishusha kulitaka wanaume wawili waingie ndani, na hilo hata mie nisingelikubali. Nikajiona Ijumaa alasiri nimekaa mbele ya kitu cheusi, nasikiliza mwanangu akiozwa kama mtu anayesikiliza majirani ukutani. Nilikuwa tayari kulia, nikakataa. Nikamwambia fundi afikirie tena.

Akafikiri. Yule kijana sifa yake ni hiyo, hana haraka ya kusema kitu kimekufa. Akauliza, "Mama, mara ya mwisho ilionyesha picha lini?"

"Asubuhi ya siku ya msiba. Mume wangu alikuwa akitazama habari."

"Na baada ya hapo?"

"Ilisoma Kurani siku tatu za matanga. Tuliifunika shuka, ikawa yasoma tu. Kisha tukaizima."

"Sauti bila picha?"

"Ilikuwa imefunikwa, baba. Nani angejua kama kuna picha?"

"Taa za nyuma huwa haziungui hivi hivi chini ya shuka," akasema. "Na kuna mahali kwenye mipangilio mtu anaweza kuzipunguza mpaka sifuri. Hizo siku tatu, rimoti alikuwa nayo nani?"

Mwanga wa tochi ukaondoka kwenye skrini, ukaanguka sakafuni. Nikageuka. Wifi yangu alikuwa ameishika kwa mikono miwili.

"Mimi," akasema.

Nikangoja.

"Lile shuka lilikuwa jepesi," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Nyinyi mlikuwa chumbani, mie nimekaa hapa na ndugu yangu. Amelala pale chini, amefunikwa nyeupe. Na juu ukutani kitu chengine cheupe chang'ara, chatembea. Kila aya na picha zake. Maua. Maji yaporomoka. Ndege. Na yeye hatembei. Sikuweza. Nikabonyeza nikabonyeza mpaka mwanga ukaisha, ikabaki sauti ya msomaji."

Nilimwonea huruma, Wallahi nilimwonea. Lakini huruma haikufika mbali, maana akili ilikuwa imeshahesabu siku.

"Na jana uliponikuta kigodani, ulijua."

"Nilijua."

"Ukaniambia Mungu ameniamulia."

Fundi akakohoa kule nje. "Mama, nirudi baadaye?"

"Kaa papo hapo," nikamwambia.

Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, na wangu alikuwa kwenye kochi langu, ameshika tochi yangu. Nilikasirika mpaka masikio yakawa moto. Ningemtukana, na nilikuwa na maneno ya kutosha, miaka thelathini ya uwifi humpa mtu akiba. Nikauliza neno moja tu, kwa nini.

"Kwa sababu Ijumaa atakaa mwengine mahali pa ndugu yangu," akasema. "Atamshika bwana harusi mkono, na ule ulikuwa uwe mkono wake yeye. Mie nitakuwa na wageni, nitajificha jikoni, sitautazama. Nikaona na wewe usiutazame. Nikaona nakuhurumia."

"Usinihurumie kwa kunifanya kipofu," nikamwambia. "Wewe kama huwezi kutazama, fumba macho yako. Yangu niachie mwenyewe."

Machozi yalikuwa yakimteremka na hakuyafuta, kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Nikamwambia amulike vizuri.

Fundi akatuongoza kutoka ngazini. Nibonyeze kitufe chenye gurudumu la meno. Wifi akasogeza tochi, tukaona orodha ya maneno kama nyuzi. Niteremke mpaka neno la picha. Nikapitiliza, nikarudi. Niingie ndani yake, nitafute mwangaza. Wifi ndiye aliyeuona kwanza, macho yake ni mazuri kuliko yangu. "Hapo. Yasema sifuri." Fundi akasema sasa panda, mama, bonyeza kulia, usiache. Nikabonyeza. Weusi ukawa kijivu, kijivu kikawa samawati, kisha ukumbi mzima ukajaa mwanga tukafumba macho sote wawili. Tulipoyafumbua kulikuwa na mwanamume anauza magodoro.

"Imekuja?" akauliza fundi.

"Imekuja, Mungu akuweke," nikasema. Nikampitishia sahani ya viazi vya karai na chupa ya achari chini ya pazia. Wifi akaaga akiwa hanitazami. Mlangoni nilimwambia Ijumaa biriani isisahauliwe.

Ijumaa ikafika. Watu wote wakaenda kwake, na nyumba yangu ikawa kimya hata nikasikia maji yakidondoka kwenye tangi juu. Nikasali alasiri, nikavaa nguo nyeupe iliyopigwa pasi, nikakaa kwenye kiti cha mkono mbele ya televisheni. Picha ilikuwa safi. Niliona mazulia ya msikiti, nikaona vichwa vya wanaume wa mtaa, na kila kofia niliijua ni ya nani. Nikamwona bwana harusi kwenye kanzu na joho, ametoa jasho kwenye mdomo wa juu. Uso wake ni mpole. Nilimtazama nilivyotaka, hakuna wa kunizuia. Kadhi alikuwa amekaa mbele yake na maikrofoni. Na kando yao palikuwa na nafasi tupu, ya shemeji yangu.

Nikangoja. Nafasi ikabaki tupu. Kadhi akazungumza na mtu, akatazama mlangoni. Bwana harusi naye akatazama mlangoni. Wanaume wakaanza kunong'onezana, na mmoja akainuka akatoka. Kwa desturi, anayeoza humwendea kwanza bibi harusi na mashahidi wawili kumuomba idhini yake, akishakubali ndipo huenda msikitini. Huko hakuchukui dakika tano. Nikasema mwanangu amekataa. Au shemeji ameanguka, ana presha. Au kuna jambo linafanyika huko na mimi, kama kawaida, nitaletewa pamoja na biriani. Nikaiambia televisheni, "Hebu semeni basi." Kadhi akatazama saa yake.

Nikasikia nyayo ngazini, nyingi, za watu wenye haraka. Pazia likafunguka akaingia wifi yangu peke yake, buibui limemwenda upande, anahema.

"Mwanao ametutia aibu," akasema.

"Amefanya nini?"

"Ameulizwa mara tatu. Mbele ya mashahidi, mbele ya wanawake wote. Mara tatu anajibu neno moja. Nendeni mkamuulize mama. Ati hatoi idhini akiwa mama yake hajaulizwa. Ati akiridhia mama, na yeye ameridhia." Akajishika kiuno. "Wako hapo nje."

Nikaitazama televisheni. Msikiti mzima ulikuwa umekaa, kadhi, bwana harusi, wazee, wenye maduka, wote wanatazama mlango. Walikuwa wakinisubiri mimi, na hawakujua.

Sauti ya shemeji ikaja kutoka upande wa pili wa pazia, rasmi, imekatikakatika kwa pumzi. "Asalaam aleikum, shemeji. Twakuja kukuomba ridhaa yako. Binti yetu tumuoze?"

Nilimwitikia salamu. Kisha nikamwacha angoje kidogo. Si sana, dakika nzima haikufika. Nilitaka tu wanaume wale wasimame kwenye ngazi zangu, wajue kwamba mle ndani mna mtu.

"Nimeridhia," nikasema. "Muozeni, kwa baraka za babake na zangu."

Wakateremka mbio. Nikamwambia wifi arudi kwake, ana nyumba imejaa wageni. Akasema wana mikono na sufuria ziko wazi, watajipakulia. Akakaa kwenye kochi, viatu vingali miguuni.

Tukamwona shemeji akiingia msikitini, anapita katikati ya watu, kofia imekaa vibaya. Akaketi kwenye ile nafasi. Akamshika bwana harusi mkono, na nikaona wifi anaukodolea macho ule mkono bila kupepesa. Kadhi akauliza kwenye maikrofoni kama bibi harusi ametoa idhini yake. Shemeji akavuta pumzi.

"Ameridhia," akasema, mbele ya wanaume wote wa mtaa. "Yeye na mama yake."

Hapo wifi yangu akapiga kigelegele. Ndani ya nyumba ya eda, madirisha wazi, kirefu, mpaka jirani akachungulia. Kisha akashtuka, akajiziba mdomo kwa kiganja, akanitazama kama mtoto aliyevunja sahani. Nikamshika mkono, nikauondoa mdomoni mwake.